Kila biashara na mahali pake: Tumtazame jirani kabla ya kulipa kodi

 

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo aghalabu huonekana kuwa ni la wafanyabiashara na maofisa wa halmashauri peke yao, nalo ni uchaguzi wa mahali pa kufanyia biashara. Baba akipata fedha, mama akiuza kiwanja cha urithi, au vijana wakichangishana mtaji, swali la kwanza huwa ni biashara gani, na la pili huwa ni fedha kiasi gani. Swali la wapi huachwa hadi mwisho, na hujibiwa kwa kutazama kodi tu. Masheikh nao tumezoea kuulizwa juu ya riba, mizani na viapo vya uongo. Ni nadra mtu kutuuliza kama mahali alipoiweka biashara yake ni mahali pa haki.

Tulilazimika kulitafakari jambo hili pale tulipoombwa kuwasuluhisha majirani wawili wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam, watu wazima, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakisali safu moja. Mmoja wao alistaafu, akapata kiinua mgongo chake, na sehemu kubwa akampa mwanawe afungue mashine ya kukoboa na kusaga nafaka. Kijana alizunguka, akaona kodi za kando ya barabara ni kubwa, akarejea kwa baba yake na rai iliyoonekana kuwa ya busara: nyumba ni yetu, tuvunje ukuta wa mbele, tujenge fremu, tusage hapo hapo bila kumlipa mtu kodi. Wakajenga. Ukuta wa ubavuni wa fremu ile ukawa ni ule ule ukuta wa chumba anacholala jirani, ambaye ana maradhi ya pumu.

Mashine ilianza kunguruma kabla jua halijachomoza. Vumbi la pumba liliingia madirishani, na baada ya miezi michache ukuta ukapata ufa. Jirani alikwenda mara tatu kusema kwa upole. Mara ya nne hakwenda. Alihama safu msikitini. Ndipo imamu alipotutafuta.

Mzee mwenye mashine alitupokea kwa heshima na kwa hoja moja: "Sheikh, hii ni milki yangu niliyoichuma kwa jasho. Kuna sheria gani ya kunizuia nisifanye kazi ya halali ndani ya milki yangu?" Hoja hiyo si ya kubezwa, na hata katika vitabu vyetu ina watetezi wakubwa. Tutairejea, lakini kwanza tutazame mahali pa biashara pana uzito gani katika historia na sheria yetu.

Mji wa Makka uko katika bonde lisilo na mazao, na hilo limetajwa katika dua ya Nabii Ibrahim (A.S.) katika Sura ya 14. Hata hivyo Makureshi waliishi kwa biashara, kwa sababu ya Nyumba Tukufu na kwa sababu mji wao ulikuwa baina ya Yemen na Sham. Misafara yao miwili, wa kusi na wa kaskazi kama ambavyo wahenga wetu wa pwani wangeiita, imetajwa katika Suratu Quraysh kuwa ni ya msimu wa baridi na wa kiangazi. Na huku kwetu, Kilwa ambayo Ibn Battuta aliikuta imestawi mwaka 1331 haikustawi kwa bahati nasibu. Jahazi lililotoka Bara Arabu kwa pepo za kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza na kununua, kisha likarudi kwa kusi ndani ya mwaka ule ule. Aliyekwenda kusini zaidi alijihatarisha kukosa msimu. Dhahabu ilikuwa ya Sofala, lakini utajiri ulikaa mahali ambapo upepo ulimruhusu mnunuzi kufika na kurejea kwao.

Tunaye pia sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina akiwa hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka na akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaelekezwa soko la Bani Qaynuqaa, akaanza na jibini kavu na samli, na baada ya muda si mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari na husimuliwa sana mimbarini kama funzo la kujitegemea. Sisi tunakitazama pia kwa jicho jingine. Mtu aliyejua biashara tangu Makka hakuuliza ni bidhaa gani inalipa. Aliuliza wanunuzi wanakusanyika wapi.

Baadaye Waislamu wa Madina walipata soko lao wenyewe. Ibn Majah amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitazama sehemu kadhaa na kuzikataa, kisha akakubali sehemu moja kuwa ndiyo soko lao, na akataka lisibanwe wala lisitozwe kodi. Wanahadithi wameidhoofisha isnadi ya riwaya hii, nasi hatuijengei hukumu. Lakini lililothibiti ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiingia sokoni, akikagua, hata akatia mkono wake katika lundo la chakula na kuukuta unyevu uliofichwa chini. Wapo wanaoinukuu hadithi ya Muslim inayosema kuwa masoko ni sehemu zisizopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, wakaifanya kuwa dharau kwa wafanyabiashara. Sehemu husemwa hivyo kwa sababu ya yale yanayotendeka humo. Ndiyo maana muuzaji mcha Mungu anahitajika sokoni kuliko sehemu nyingine.

Miji ya Kiislamu iliyofuata iliendelea na hekima hii kwa namna inayoshangaza. Mtu akifika Tunis leo ataukuta Msikiti wa Zaytuna umepakana na soko la wauza manukato. Fes nako, soko la Attarin liko jirani na Msikiti wa Qarawiyyin, ilhali wenye kutengeneza ngozi, kazi yenye harufu kali na yenye kuhitaji maji mengi, wamewekwa kule karibu na mto. Mwanachuoni Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, alipendekeza kila kundi la mafundi liwe na soko lake, na wale ambao kazi zao zinahitaji moto, kama waokaji, wapishi na wahunzi, wawekwe mbali na wauza manukato na wauza nguo, kwa kuwa kazi hizo hazifanani na madhara yanaweza kutokea. Cheche moja ya mhunzi ilitosha kuteketeza mtaji wa muuza hariri. Tuliposoma maneno hayo wakati wa chuo kikuu tuliyachukulia kuwa ni ya historia. Tulipoona soko kuu la Kariakoo likiungua Julai 2021, tuliyakumbuka kwa namna nyingine.

Dar es Salaam yenyewe, bila ya muhtasib, imejipanga kwa sehemu kubwa hivyo hivyo. Mwenye kutaka khanga na vitenge kwa jumla huenda Mtaa wa Uhuru. Mwenye kutaka kitanda au kabati huenda Keko. Mitumba iko Ilala, samaki wako Feri, ng'ombe wa mnada wako Pugu na machinjio yako Vingunguti. Kijana mwenye mtaji mdogo huyaona maduka kumi ya khanga yamefuatana na kusema: hapa pamejaa, nitakwenda kufungua la kwangu Tabata ambako hakuna hata moja. Anashangaa baada ya miezi mitatu kuwa hauzi. Hajatambua kuwa mama anayenunua sare za harusi hataki duka moja, anataka kulinganisha doti ya duka hili na ya duka lile, rangi na bei, na hayuko tayari kwenda Tabata kwa ajili ya duka lisilo na mwenzake. Wale kumi si maadui tu. Kila mmoja wao anamletea mwenzake wateja. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na kukaa jirani na mshindani hakuipunguzi.

Kanuni hiyo haihusu kila biashara. Nyanya, mkate, mkaa na vocha ya simu, mtu hatoki mtaa mmoja kwenda mwingine kuvilinganisha. Hununua pale anapopita akirudi nyumbani. Genge linataka kona yenye nyumba nyingi na upande ambao watu hurudi jioni, kwa kuwa asubuhi mtu huwahi daladala na hanunui mchicha. Fundi mzuri wa nguo anaweza kukaa uchochoroni na akafuatwa, kwa sababu mteja anamfuata yeye wala hafuati barabara. Huyo kodi kubwa ya barabarani ni hasara tupu kwake. Mwenye ghala la jumla hahitaji wapita njia hata kidogo, anahitaji mahali ambapo lori linaingia, linageuka na kutoka bila kuvunja mtaro wa watu. Na mwenye mashine ya kusaga anahitaji umeme wa njia tatu, anahitaji kuwa kwenye njia ya wanaotoka sokoni na debe la mahindi kichwani, na anahitaji ukuta usiogusana na kitanda cha mtu. Kijana wetu alikosa yote matatu. Umeme alisubiri kwa miezi, na mahindi ya mtaa ule yalikuwa yakinunuliwa na kusagwa huko huko sokoni. Mashine iliyowagombanisha wazee wawili, siku nyingi ilikuwa ikisaga magunia mawili.

Tunawanasihi wenye kutafuta sehemu wasiridhike na maneno ya dalali. Nenda ukakae hapo kuanzia asubuhi hadi usiku. Nenda siku ya kazi na siku ya mapumziko, mwisho wa mwezi na katikati yake, na ikiwezekana nenda siku ya mvua kubwa, kwani ipo mitaa ya kandokando ya Bonde la Msimbazi ambayo wakati wa masika mteja haifiki. Uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua kwa barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mwaka 2017 nyumba na maduka mengi kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ni pana kuliko hiyo. Uliza pia ni nini kinachowaleta watu hapo na kama kitabaki. Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021, mamalishe na wenye nyumba za wageni wa Ubungo waliamka na kukuta wateja wao wanashukia kilomita nyingi kutoka walipo. Hawakufanya kosa lolote, na chakula chao kilikuwa kitamu kama jana.

Sasa tuingie katika haki ya njia, kwani ndugu zetu wengi, hasa vijana, duka lao ni turubai lililotandikwa kandoni mwa barabara. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho sisi wa pwani tumesomeshwa na mashekhe zetu kizazi baada ya kizazi, ameanza na msingi: manufaa ya asili ya njia ni kupita. Kisha ameruhusu mtu kukaa hapo kwa kupumzika au kwa kuuza na kununua, maadamu hawabani wapitao, na wala hakushurutisha idhini ya mtawala. Ameruhusu hata kujiwekea kivuli cha mkeka au mfano wake. Wawili wakigombea sehemu, hupigiwa kura. Na hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim imewataka wenye kukaa njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Kuna suala katika mlango huo huo ambalo hutuvutia kila tunapolisomesha. Mtu aliyekaa mahali kwa biashara akaondoka kwa nia ya kurudi, haki yake ya mahali pale haipotei, isipokuwa kutokuwapo kwake kukirefuka kiasi cha wateja wake kukatika na kuzoeana na mwingine. Wanavyuoni hawakuipima haki hiyo kwa siku za kalenda wala kwa upana wa turubai. Waliipima kwa mazoea ya wateja. Walifahamu kwamba aliyekaa sehemu moja miaka mitano amejenga kitu kisichoonekana kwa macho, na kitu hicho kina thamani katika sheria.

Hapa ndipo tunapotofautiana na pande zote mbili katika suala la wamachinga. Oktoba 2021 walipoondolewa katika barabara za Dar es Salaam na kupangiwa maeneo mengine, wapo waliosema kuwa ni dhulma tupu, na wapo waliosema jiji limetakasika. Ukweli ni kwamba palikuwa na sehemu, Kariakoo hasa, ambako mgonjwa hakuweza kupitishwa kwa machela na gari la zimamoto lisingepenya. Huko njia ilikwishanyimwa haki yake ya asili, na mwenye mamlaka kuingilia kati ni wajibu wake. Lakini kumhamishia mtu mahali pasipo na wateja, kisha ikahesabika kuwa amepewa haki yake, ni kusahau kile ambacho Nawawi alikizingatia. Tulikwishaliona hili katika jengo la Machinga Complex pale Ilala. Lilijengwa kwa gharama kubwa, lina paa, sakafu na vizimba, lakini kwa miaka mingi tangu likamilike vizimba vingi vilikaa bila watu, huku wenyewe wakirudi kutandika chini kwenye jua. Watu walisema wamachinga ni wakaidi. Hapana, walifuata mteja anakopita, naye hakuwa na sababu ya kupanda ngazi kutafuta soksi.

Suala la pili la fedha katika mahali pa biashara ni kilemba, na hapa tutataja kisa kwa ufupi kwa sababu kimetuumiza. Mjane mmoja mwenye watoto wadogo alichukua fedha za mirathi, ndani yake mkiwa na sehemu ya mayatima, akamlipa kilemba mpangaji wa fremu ili aondoke na kumpisha. Baada ya wiki mbili alikuja mwenye jumba akiwa na mkataba mkononi. Mkataba wa yule mpangaji ulikuwa umekwisha muda wake. Aliuza kisichokuwa chake, na mama yule akatakiwa aondoke au alipe upya.

Wanavyuoni wa zama hizi wamelizungumza jambo hili kwa uwazi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha nne, kilichofanyika Jeddah Februari 1988, ilipitisha kwamba mwenye mali na mpangaji wakikubaliana fedha ya mkupuo juu ya kodi ya kila kipindi, inajuzu, nayo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi. Mwenye mali akimlipa mpangaji ili aachie muda wake uliobaki, inajuzu. Mpangaji akimwachia mpangaji mwingine muda wake uliobaki kwa malipo, inajuzu pia, kwa kuchunga mkataba wa asili na sheria za nchi. Ama muda ukishakwisha, mpangaji hana tena cha kuuza, na malipo hayo si halali. Kwa hiyo, ndugu yetu, kabla ya kutoa kilemba taka kuuona mkataba, soma tarehe yake ya mwisho, na kaa na mwenye jumba uso kwa uso. Na mali ya yatima isiguse jambo lenye utata kabisa. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa yatosha kumwogopesha mwenye kuisimamia.

Kwa kuwa leo ni Ijumaa, tuseme kidogo juu ya fremu za misikiti. Misikiti yetu mingi imejenga fremu kuizunguka, na kodi yake hulipa umeme, maji na walimu wa madrasa. Ni jambo jema. Lakini kamati zitazame nani anapangishwa. Duka la vitabu, kanzu na mafuta ya kunukia limekaa mahali pake, na historia ya Tunis na Fes inalishuhudia. Ama kibanda cha kubeti, au mwenye redio inayopiga muziki hadi khatibu hasikiki, au fundi pikipiki anayemwaga oili kwenye njia ya wenye udhu, hao kodi yao hata ikiwa kubwa haiufai msikiti. Nao wapangaji wajue kwamba amri ya Suratul Jumua ya kuacha biashara inaponadiwa Swala inawahusu kwanza wao walio ukutani, na kwamba ndani ya msikiti kwenyewe Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza na kununua. Tumewahi kuona bei ya viatu ikimaliziwa kupangwa baina ya khutba mbili!

Turejee kwa mzee wetu na hoja yake ya milki. Tulimwambia kwanza kuwa ana haki ya kuitoa, na tukamfungulia Minhaj yenyewe. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Uso wake ulichangamka. Tukamwomba asome sharti linalofuatia: akichukua tahadhari na akaziimarisha kuta. Na wenye kuisherehesha wamebainisha kuwa anazuiwa na kile kinachodhuru milki ya mwenzake, kama vile kutwanga kunakotikisa ukuta. Imam Ruyani amekwenda mbele zaidi, akasema hakimu aitazame kila hali kwa ijtihadi yake na amzuie aliyedhihirika kuwa anakusudia kuudhi. Ndugu zetu wa madhehebu ya Maliki ni wakali zaidi: kwao moshi wa tanuri na harufu ya ngozi inatosha kuwa sababu ya kumzuia mwenye milki. Wote wanarejea kwenye msingi mmoja, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Na sheria ya nchi nayo ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo jirani angeweza kuzishika kama angetaka kwenda huko.

Hakutaka. Alituambia, "Sheikh, mimi nikimshtaki huyu nitamzika na nani? Nataka nilale tu." Maneno hayo tuliyapeleka kama yalivyo kwa mwenzake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamtaka mwanawe atupeleke tukautazame ule ufa. Alipitisha kidole juu yake kutoka kwenye fremu, halafu akatoka, akabisha hodi kwa jirani yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akautazama kwa upande wa pili, upande wa kitanda.

Tulipatana hivi. Mashine ingesimama alfajiri na usiku mara moja, na ingehamishwa katika muda wa siku arubaini. Ufa uzibwe kwa gharama ya mwenye mashine. Gharama ya kuhamisha iwe ya kijana na baba yake, kwani jirani hakuwa na kosa la kumlipisha, ijapokuwa yeye mwenyewe alijitolea kuchangia usafiri, na sisi tuliona tusimzuie. Kijana alipata banda nyuma ya soko la mtaa wa pili, lenye umeme wa njia tatu uliokwishafungwa na mwenye banda, nasi tulimsomea mkataba kifungu kwa kifungu kabla hajatia saini.

Fremu iliyobaki pale nyumbani imechukuliwa na mke wa kijana, anashona sare za shule na mabuibui, ana cherehani mbili. Ukuta ni ule ule. Jirani amempeleka mjukuu wake wa kike hapo ajifunze kukata, na Ijumaa iliyopita tuliwaona wazee wetu wawili katika safu ya pili, upande wa kulia, wakisubiri adhana.

Wallahu aalam.